Kovu la Hodhi Halifunikwi kwa Rangi

Je, wajua kwamba alama ndogo kama ukucha inaweza kuliua hodhi zima la kuogea? Mimi nilijifunza hayo kwa nyanya yangu, huko Kabati, Kitui. (Si ile Kabati ya Murang'a iliyo karibu na Kenol. Ukiwa stendi, taja Kitui, la sivyo utashushwa kwingine.)

Hodhi la Susu ni la bati la chuma lililopakwa enameli. Lilitoka katika nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa Nairobi. Hakuna anayejinyoosha ndani yake kwa mapovu. Limewekwa chini ya mfereji wa paa la mabati, linakinga maji ya kufulia na ya kuogeshea wajukuu. Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ikipita bila kukingwa, maji hununuliwa kwa mtungi, yakiletwa na punda.

Sasa, mtoto mmoja aliangusha ndoo ya chuma ndani, enameli ikameguka. Nami, mjuzi wa mjini, nikapaka rangi nyeupe juu ya kutu nikajisifu. Kabla ya Krismasi rangi ilikuwa imevimba na kubanduka.

"Mjukuu wangu," Susu akaniambia, "umefunga kidonda na usaha ukiwa ndani."

Alikuwa na haki. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi kama 800 hivi. Ikimeguka, maji hufikia chuma, na kutu inapozidi huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Hujisukuma chini ya enameli nzima na kuibandua kidogo kidogo, hadi siku moja bati linatoboka.

Likizo ya Agosti iliyofuata, hodhi likiwa kavu, nilianza upya. Kwanza nilikwangua rangi yangu yote ya aibu. Kisha nikasugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikilainisha na kingo za enameli zilizokuwa kali kama wembe. Hapa usifanye haraka. Kutu ikibaki hata chembe, kazi yote ni bure. Nikapangusa kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya sabuni, nikaacha pakauke kabisa.

Duka la vifaa vya ujenzi huuza gundi ya epoksi ya mirija miwili, na nyingine ni nyeupe, maalumu kwa hodhi na sinki. Changanya kidogo tu, kwa vipimo vya kwenye pakiti, maana huganda upesi. Fungua madirisha ukiwa ndani ya nyumba. Pakia tabaka jembamba, ngoja likauke, ongeza jingine hadi lilingane na enameli. Mimi nilingoja siku nzima na usiku wake kabla ya kusugua kwa msasa laini uliolowa. Maji hayakuguswa kwa siku kadhaa.

Na mikwaruzo? Mingi si mikwaruzo hata kidogo. Mistari ya kijivu huwa ni alama za ndoo au sufuria zilizoacha chuma chake juu ya enameli. Ijaribu kwa magadi ya kuokea yaliyolowa na kitambaa laini. Usitumie mchanga wa mtoni wala waya wa kusugulia sufuria. Najua mchanga wa Kitui ni wa bure, lakini huondoa mng'aro, na uchafu hunasa zaidi.

Kama hujui hodhi lako ni la nini, lijaribu kwa sumaku. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, huenda ni plastiki, na dawa yake ni nyingine. Sahani na vikombe vya enameli vilivyomeguka usivizibe kwa gundi hii, kwani haikutengenezwa kwa chakula. Vipandie maua. Maji ya hodhi la Susu pia hayanywewi.

Mvua ilinyesha Novemba na kiraka kikashika. Rangi yake haikulingana: hodhi limekuwa la maziwa kwa uzee, kiraka ni cheupe kama chaki. Susu hukitumia kuwaonyesha watoto mahali pasipowekwa ndoo.