Miti Iliyobadilishana Majina

Kaskazini mwa Algeria, kwenye Mlima Babor wenye kimo cha mita 2,004, kuna msitu ambao majira ya baridi hufunikwa na theluji. Ndani yake humea Abies numidica, spishi ambayo haioti yenyewe mahali pengine popote duniani ila hapo na kwenye mlima jirani wa Tababort. Msomaji wa Dodoma au Nakuru aliyezoea kuiona miti ya namna hii kwenye kadi za Krismasi huenda akashangaa kusikia kwamba Afrika inayo ya kwake. Inayo kweli, Algeria na Moroko. Kusini mwa Sahara haipo: familia nzima ya misonobari haikufika huku bila mkono wa mtu, na hata Pinus patula inayojaza mashamba ya Sao Hill, Mufindi, asili yake ni Mexico.

Jenasi ya Abies ina spishi zipatazo 50. Idadi kamili hutegemea unamwuliza nani, kwa kuwa wanasayansi hawajakubaliana wapi spishi moja inaishia na nyingine inaanzia. Ubishi huo una umri wa karne mbili na nusu, na unastahili kufuatiliwa, maana leo kuna miti ambayo uhai wake unategemea jibu.

Kuitambua jenasi yenyewe si kazi. Jani lake la sindano limeshikamana na kitawi kwa kitako cha duara. Ukilichomoa, linaacha kovu laini la mviringo. Majani ya Picea, jamaa yake wa karibu, yamekaa juu ya vijiti vidogo ambavyo hubaki kitawini na kukifanya kikwaruze kidole. Koni ndizo zinazomaliza mabishano. Za Picea huning'inia, na zikikomaa huanguka nzima. Za Abies husimama wima kwenye matawi ya kileleni kama mishumaa, kisha hupukutika gamba moja moja huko huko juu hadi ukabaki mhimili mtupu.

Kwa hiyo anayetafuta koni nzima chini ya mti wa Abies atatafuta mpaka jua lizame. Ni lazima mtu apande, tena kwa wakati wake, kabla hazijapukutika. Na koni hizo hizo ndizo hubeba alama za kutofautisha spishi: umbo la gamba, na urefu wa kijani chembamba kilichojificha nyuma yake au kuchomoza nje. Vitawi vingi vilivyokaushwa na kuhifadhiwa zamani havina koni hata moja, na mtaalamu anayevichunguza hubaki na majani peke yake.

Ugumu wa majina, hata hivyo, haukuanzia mlimani. Ulianzia kitabuni. Mwaka 1753 Msweden Carl Linnaeus alichapisha Species Plantarum, kitabu ambacho majina ya kisayansi ya mimea huhesabiwa kuanzia hapo. Miti hii yote aliiweka katika jenasi moja, Pinus. Ule ambao Warumi wa kale waliuita abies, yeye akauita Pinus picea. Na ule waliouita picea, akauita Pinus abies. Aliyageuza.

Mwaka uliofuata Philip Miller, msimamizi wa bustani ya mitishamba ya Chelsea jijini London, aliitenga Abies kuwa jenasi inayojitegemea. Mwaka 1768 akaipa spishi ya milima ya Ulaya jina la Abies alba, na hapo hapo akatumia jina Abies picea kwa mti ule mwingine, wenye koni zinazoning'inia. Wataalamu waliokuja baadaye wakakuta njia imezibwa. Kanuni inasema neno la spishi lililotangulia kuchapishwa ndilo hushika, lakini pia inakataza jina moja kutumika kwa miti miwili. Abies alba haikuweza tena kurudishiwa neno la Linnaeus, kwa sababu Abies picea lilikwisha kuchukuliwa na Miller. Mti wa pili, ulipohamishiwa jenasi ya Picea, ukaenda na neno lake la mwaka 1753. Tangu 1881 unaitwa Picea abies, na jina hilo litaendelea kuwasumbua wanafunzi wa misitu, kwani uthabiti wa majina una thamani kubwa kuliko uzuri wake.

Ramani ya Mediterania inaleta mtihani mgumu zaidi. Mwaka 1838 Edmond Boissier, Mswisi, aliitangaza Abies pinsapo, mti wa milima ya kusini mwa Hispania wenye majani magumu yaliyozunguka kitawi pande zote. Ng'ambo ya Mlango wa Gibraltar, katika milima ya Rif nchini Moroko, karibu na Chefchaouen, kuna miti inayofanana nayo sana. Mwaka 1906 Louis Trabut aliitambua kuwa spishi kamili, Abies marocana. Wengine, hadi leo, wanaiona kuwa aina tu ya pinsapo. Bahari iliyo katikati ina upana wa kilomita 14 hivi mahali palipo pembamba, na imekuwapo kwa zaidi ya miaka milioni tano. Je, hiyo inatosha kuzaa spishi mbili?

DNA ilitarajiwa kuleta hukumu. Ilileta mashahidi wawili wasiokubaliana. Katika miti ya Abies, kloroplasti hurithiwa kupitia chavua, ambayo upepo huipeleka mbali. Mitokondria hurithiwa kupitia mbegu, ambazo huangukia jirani zaidi. Ukisoma DNA ya kloroplasti, miti ya milima hiyo miwili inaonekana ndugu. Ukisoma ya mitokondria, unaweza kuona koo zilizotengana tangu zama za barafu. Tena spishi za Mediterania huzaana zikikutana. Katika nchi za Balkan kuna miti yenye sura ya kati ya Abies alba na Abies cephalonica ya Ugiriki. Mwaka 1925 iliitwa Abies borisii-regis kwa heshima ya mfalme Boris III wa Bulgaria, na wengi sasa wanaichukulia kuwa chotara.

Kwenye milima ya Madonie, Sicily, suala hili si la maktaba tena. Abies nebrodensis imebakiwa na miti mikubwa 30 hivi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilidhaniwa imetoweka, hadi mingine ikagunduliwa mwaka 1957. Mbegu zake nyingi hutokana na mti kujichavusha wenyewe, hivyo huwa dhaifu, na karibu yake kulipandwa Abies za kigeni ambazo chavua yake inaweza kuifikia. Mche chotara na mche halisi hufanana kwa macho ikiwa midogo. Kwa hiyo DNA ya miche hupimwa kwanza, na inayothibitika kuwa nebrodensis ndiyo hutunzwa kwa ajili ya kurudishwa mlimani.