Rilei, Swichi na Waya wa Bodi: Istilahi za Taa za Ziada katika Gari

Utangulizi

Mtunga istilahi aghalabu hushughulika na maneno hata akavisahau vitu vyenyewe. Makala haya yamekusudiwa kuonyesha, kwa mfano mdogo wa ufungaji wa taa za ziada katika gari, kwamba istilahi isiyolingana na kazi ya kitu yaweza kumtia msomaji hasarani, hata hatarini.

Miaka michache iliyopita tuliletewa rasimu ya kijitabu cha mafunzo ya umeme wa magari ili tuisome na kuikubali lugha yake. Mfasiri alikuwa ameiita rilei kwa jina la “kipokezi”, akaeleza kwamba kipokezi hupokea umeme kutoka kwenye swichi na kuupeleka kwenye taa. Sentensi hiyo ilikuwa Kiswahili fasaha, nasi tulikuwa tayari kuipitisha. Kwa bahati njema, mwalimu mmoja wa ufundi alitutaka kwanza tuijaribu rasimu darasani. Mwanafunzi aliyepewa kazi hiyo aliifuata sentensi kama ilivyoandikwa: aliuunganisha waya wa swichi na waya wa taa pale pale kwenye rilei. Taa ziliwaka. Lakini haukupita muda mrefu, ganda la waya wa swichi likaanza kulainika na kutoa harufu ya kuungua, ikambidi mwalimu aufungue upesi waya wa betri. Kijana yule hakukosa, alitii maandishi. Kosa lilikuwa la mfasiri, na letu sisi tuliokuwa karibu kuyaidhinisha.

Kazi ya rilei

Tuchukue gari la volti 12 linalofungwa taa mbili za ziada, kila moja ya wati 55. Jumla ni wati 110. Tukigawanya kwa volti 12 tunapata mkondo wa ampea 9 na ushei. Swichi nyingi ndogo za dashibodi hazikutengenezwa kuhimili mkondo huo kwa muda mrefu. Hata swichi ingeweza kuhimili, waya nao una mipaka yake. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 5 na unene wa milimita ya mraba 0.5 una ukinzani wa omu 0.17 hivi. Ampea 9 zikipita humo, volti 1.5 hivi hupotea njiani na kugeuka joto. Matokeo yake ni kwamba taa hufifia ilhali waya unapata moto. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu ule ule hupoteza volti 0.3 tu.

Rilei huondoa haja ya kuupitisha mkondo mkubwa katika swichi. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye kiini cha chuma, na juu yake ulimi wa chuma wenye pointi. Dereva akiwasha swichi, mkondo mdogo, yapata ampea 0.2 au pungufu, hupita katika koili. Kiini hugeuka sumaku, huuvuta ulimi, pointi zikagusana, na mkondo mkubwa kutoka betri ukaenda kwenye taa kwa njia yake yenyewe. Swichi ikizimwa, sumaku hutoweka na springi huurudisha ulimi mahali pake.

Jambo la kuzingatia ni kuwa zipo saketi mbili, na umeme wa moja hauingii katika nyingine. Mfano wake ni mkulima wa mfereji kule Kilimanjaro: kwa nguvu ndogo ya mkono huinua kizuizi, maji mengi yakapita kwenda shambani, lakini maji hayo hayapiti mkononi mwake.

Namna ya kuunganisha

Kwenye rilei nyingi za magari ncha zimeandikwa nambari zilizowekwa na kanuni ya Kijerumani ya DIN 72552. Ncha ya 30 huungwa na upande chanya wa betri kwa kupitia fyuzi, ambayo hapana budi ikae karibu na betri. Kwa taa tulizozitaja, fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita za mraba 2.5 zinafaa. Ncha ya 87 huenda kwenye taa. Ncha ya 86 hupokea waya wa swichi, na ya 85 huungwa na bodi ya gari. Yafaa swichi ipate umeme wake kutoka kwenye waya wa taa kuu za fulu, ili dereva akipiga dimu taa za ziada nazo zizimike, zisimpofue anayekuja mbele. Kabla ya kazi yote hiyo waya hasi wa betri sharti ufunguliwe. Aidha, katika lori la volti 24 itumike rilei ya volti 24, kwani koili ya volti 12 itaungua.

Uchaguzi wa jina

Kosa la “kipokezi” lilitokana na nini? Bila shaka mfasiri alikumbuka mbio za kupokezana vijiti, ambazo katika Kiingereza hutajwa kwa neno hilo hilo. Lakini katika mbio hizo kijiti kile kile hutoka mkono hadi mkono, na katika rilei hakuna kinachopokezanwa. Asili ya neno ni Kifaransa, nalo lilihusu farasi au mbwa wa akiba waliowekwa njiani kuwapumzisha waliochoka. Kifaa cha namna hii kilibuniwa na Joseph Henry wa Marekani mwaka 1835, kikatumika baadaye katika simu za maandishi: mkondo uliodhoofika kwa urefu wa njia ulifungulia njia mkondo wa betri nyingine yenye nguvu. Farasi aliyechoka hakuendelea na safari. Alibaki kituoni, mwingine akaondoka.

Majina matatu yamefikiriwa:

(i) Kipokezi. Kwa sababu zilizoelezwa, jina hili lapotosha. Isitoshe, laweza kuchanganywa na chombo cha kupokea mawimbi ya redio.

(ii) Swichi ya sumaku. Jina hili ni la kweli, nalo lafaa sana katika maelezo. Udhaifu wake ni kwamba vipo vifaa vingine vinavyostahili kuitwa hivyo, na mwanafunzi huweza kuidhania kuwa ndiyo swichi ya dereva.

(iii) Rilei. Ni neno la kukopa lililokwisha kuingia katika vinywa vya mafundi. Halielezi kitu, lakini halidanganyi.

Pendekezo letu ni rilei, nayo ifafanuliwe mara ya kwanza itajwapo kuwa ni “swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa sumaku ya umeme”.

Uangalifu huo huo watakiwa katika maneno mengine mawili. Kwanza, wapo waliofasiri waya wa kurudishia umeme kuwa “waya wa ardhi”. Gari hukaa juu ya mipira, na umeme wake haurudi ardhini bali hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha gari. Kwa hiyo twapendekeza waya wa bodi. Pili, taa za ziada liwe jina la jumla. Chini yake ziwepo taa za mbali, zinazosaidia fulu, na taa za ukungu, ambazo mwanga wake huenea chini na karibu. Kuziita zote “spotilaiti”, kama ilivyozoeleka, huifanya sheria ya barabarani isitafsirike.

Wafasiri, walimu na maofisa wanaotumia istilahi hizi wanaombwa watuletee maoni yao, hasa pale mafundi wa kwao wanapotumia jina jingine. Na kila inapowezekana, rasimu ya maneno ya ufundi ipelekwe gereji kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa.