Pima Kwanza, Omba Baadaye: Ruzuku za Utafiti na Mafunzo katika Kazi ya Matofali

Anayetafuta ruzuku kwa ajili ya kazi ya matofali na uashi mara nyingi huanza na barua. Huandika kwamba vijana hawana ajira, kwamba miti inakwisha, kwamba nyumba za maskini zinabomoka kila masika, kisha hutaja kiasi cha fedha anachohitaji. Yote hayo ni kweli, lakini hayamsaidii, kwa kuwa msomaji wa maombi ana rundo la barua mezani na kila barua inasema hivyo hivyo. Sura hii inatetea hoja moja: ombi la ruzuku huanza na vipimo, barua hufuata. Anayefika kwa mfadhili na namba alizozipata mwenyewe tanuruni, hata zikiwa chache na zisizopendeza, huwa na nafasi kubwa kuliko anayefika kuomba huruma. Kwa mji kama Bujumbura, ambako vifaa vya maabara ni haba lakini matanuru yako karibu, hiyo ni habari njema, kwa sababu vipimo vya kwanza havihitaji fedha nyingi.

Tuangalie ruzuku iliyowahi kutolewa kwa tofali la ukanda huu. Katika miaka ya 2010, ushirikiano wa maendeleo wa Uswisi uligharamia mradi uliojulikana kwa jina la PROECCO, ukiendeshwa na shirika la Skat katika Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Mlipa kodi wa Uswisi ana haja gani na tofali la Maziwa Makuu? Jibu ni kwamba tofali hilo linakutanisha mambo matatu ambayo wafadhili hutafuta: ajira nje ya shamba, nishati na makazi ya mjini, na yote matatu yanahesabika. Tanuru la kienyeji huwashwa, huachwa lipoe, hubomolewa, kisha hupangwa jingine, na joto lililokusanywa humo hupotea angani. Katika tanuru linalowaka mfululizo, matofali yanayopoa huipasha moto hewa inayoelekea kwenye kuni, na moshi hukausha yale yanayosubiri zamu yao, kwa hiyo nishati inayotumika kwa kila kilo ya tofali hushuka hadi nusu na hata chini ya hapo. Ukutani nako, tofali likisimamishwa kwa ubavu na kuachiwa uwazi katikati, idadi ya matofali na kiasi cha saruji kwa kila mita ya mraba hupungua. Hapo mfadhili anaelezwa kwa kilo na kwa mita hali ni mbaya kiasi gani, na kiasi gani kinaweza kuokolewa.

Bujumbura ina sababu zake za kupima. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, maji ya mvua kubwa yalishuka kutoka milimani na kufurika katika mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama ikiwemo. Makumi ya watu walikufa na nyumba nyingi za udongo zikaanguka. Tofali la udongo mbichi halina siri: likilowa hurudi kuwa tope. La kuchoma ndilo hudanganya, maana mnunuzi huona wekundu akadhani limeiva. Hapa ndipo daftari linapoanza kazi. Chukua matofali kumi kutoka kila sehemu ya tanuru, yale ya pembeni yaliyopauka na ya katikati yaliyoiva mno, wala si kumi mazuri ya kuonyesha wageni. Yakaushe kabisa, yapime uzito moja moja, yazamishe majini kwa saa 24, yafute kwa kitambaa, uyapime tena. Tofali lililokuwa na kilo 2 likarudi na kilo 2.4 limekunywa maji asilimia 20 ya uzito wake. Linganisha ya pembeni na ya katikati, kisha rudia kwa matanuru matatu. Ukitaka kujua uzito ambao tofali huhimili kabla ya kupasuka, hapo ndipo utahitaji mashine, na Bujumbura ina maabara ya taifa ya majengo na kazi za umma, LNBTP. Lakini utapeleka huko sampuli ukiwa tayari unajua unatafuta nini.

Vipimo hivyo ndivyo huzaa swali, na swali ndilo moyo wa ombi. “Kuboresha matanuru ya Bujumbura” si swali. Ni tamaa njema. Swali lingekuwa hivi: makapi ya mpunga kutoka Gihanga, katika bonde la Imbo, yakichanganywa na kuni au yakikandwa ndani ya udongo wenyewe, yanapunguza kuni kiasi gani kwa kila matofali 1,000, na tofali linaongeza kunywa maji kwa kiasi gani? Faida ya swali la namna hii ni kwamba linaweza kushindwa. Makapi yakiungua ndani ya udongo huacha vitundu. Vitundu hupunguza uzito na kuni, lakini vinaweza pia kudhoofisha tofali. Mwombaji anayekiri hatari hiyo mapema, akaeleza atakavyoipima na kiwango ambacho akikivuka ataacha, huaminika kuliko anayeahidi ushindi. Mficha uchi hazai. Na anayeficha idadi ya matofali yaliyovunjika katika tanuru lake hana pa kuonyesha kwamba mradi umeyapunguza.

Ruzuku za mafunzo hufuata kanuni hiyo hiyo, ingawa wengi huzichukulia kama hesabu ya vyeti. Kusema kwamba wanagenzi 40 watafundishwa ni kueleza gharama tu, kwani matokeo bado hayajatajwa. Shule kama ile ya ufundi ya Kamenge, au kikundi cha waashi wa mtaa wa Buyenzi, kinaweza kumpa kila mwanagenzi kazi moja siku ya kwanza na kuirudia siku ya mwisho: ajenge mita moja ya mraba ya ukuta. Hupimwa umbali ambao timazi limeachana na ukuta, unene wa viungo vya saruji, matofali yaliyovunjika, na ndoo za mchanganyiko zilizotumika. Namba nne kabla, namba nne baada. Mfadhili hahitaji ufasaha wa mwandishi kuelewa jedwali hilo.

Bajeti nayo ni kipimo, na Burundi ina mtego wake. Ruzuku huingia kwa fedha za kigeni kupitia benki, kwa bei rasmi ya faranga, ilhali saruji, nondo na usafiri mara nyingi hufuata bei ya mtaani ya dola, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa mbali sana na ile ya benki. Anayepanga bajeti kwa bei moja na kununua kwa nyingine humaliza fedha katikati ya safari. Kwa hiyo bei zikusanywe kwa maandishi kutoka kwa wauzaji, tarehe ziwekwe, na uhaba wa mafuta uhesabiwe katika gharama ya kusafirisha kuni na sampuli. Vilevile mchango wa mwombaji uandikwe kwa thamani yake: matofali yatakayotolewa kwa majaribio, siku za kazi za mafundi, uwanja wa tanuru. Hivyo si zawadi za kutajwa kwa mdomo, ni fedha katika sura nyingine, na wafadhili wengi huziuliza.

Kuna pingamizi la haki: ruzuku huwaendea wenye majina, vyuo vikuu na mashirika yenye hesabu zilizokaguliwa, mfyatuaji wa matofali hana nafasi. Ni kweli kwamba fomu nyingi huandikwa Kifaransa au Kiingereza na hudai taasisi iliyosajiliwa. Lakini jambo hilo linaonyesha haja ya ushirika, halionyeshi kwamba mlango umefungwa. Chuo Kikuu cha Burundi kina jina na wahandisi, ila hakina matanuru yanayowaka kila mwezi. Ushirika wa wafyatuaji una matanuru, ila hauna jina. Mwenye daftari la vipimo vya mwaka mzima haendi chuoni kuomba kubebwa. Anapeleka kitu ambacho mtafiti angetumia nusu ya ruzuku kukitafuta. Muhimu ni mkataba uandikwe mapema: nani anamiliki takwimu, nani anasaini hundi, na majina ya nani yatatokea kwenye ripoti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: fedha za wafadhili hutegemea siasa ambazo mwashi hana usemi nazo. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, na uamuzi huo ukaondolewa Februari 2022. Miaka sita ni kizazi kizima cha wanagenzi. Hata hivyo somo lake ni kwamba kisima kimoja hakitoshi, na kwamba tasnia yenyewe ianze kuchangia. Nchini Marekani, sheria ya 2018 iliwaruhusu watengenezaji wa matofali ya zege kujitoza senti moja ya dola kwa kila tofali kwa ajili ya utafiti, elimu na kutangaza bidhaa yao. Walipiga kura mwaka 2021 wakakubali, na sehemu kubwa ya fedha hurudi katika kanda zilikokusanywa. Karibu na kwetu, waajiri wa Kenya hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwenye mfuko wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na anayewafundisha watu wake anaweza kudai kurudishiwa gharama.

Itasemwa kwamba mfyatuaji wa Bujumbura, anayeuza kwa faida nyembamba, hawezi kutozwa hata senti. Lakini tayari anatozwa, ila halioni tozo hilo: kila tofali linalopasuka tanuruni na kila mzigo wa kuni unaopotea kwa moshi ni ushuru asiopewa risiti. Kikundi kinachotenga matofali machache katika kila elfu kwa ajili ya majaribio hakijapoteza. Kimeanza kununua maarifa kwa bei kinayoimudu, na kitakapokwenda kwa mfadhili kitakuwa kimekwisha kutoa sehemu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla ya kuandika barua, tafuta mzani, ndoo na daftari, na upime matofali kumi ya tanuru lako la wiki hii.