Je, Wajua? Kipimo cha upasuaji kilichozaliwa serikalini

Mwaka 1985, sheria ya Marekani iliziagiza hospitali za serikali zinazotibu wanajeshi wastaafu zilinganishe matokeo ya upasuaji wao na wastani wa taifa. Wastani huo haukuwapo! Tena wengi wa wagonjwa wa hospitali hizo ni wazee wenye kisukari, moyo dhaifu na mapafu yaliyochakazwa na sigara. Kuhesabu vifo pekee kungewaonea madaktari wao. Hivyo, kuanzia 1991, hospitali 44 kati ya hizo zilipima hali ya kila mgonjwa kabla hajapasuliwa, kisha zikamfuatilia siku 30. Katika takriban miaka kumi, vifo baada ya upasuaji vilipungua kwa asilimia 27. Leo hata hospitali binafsi nyingi hujipima kwa mfumo huo.