Muhogo, mgomba na mpunga: kila mmea na maji yake

Mwezi wa saba Bujumbura mvua imekwishakatika. Katika bustani ndogo za nyuma ya nyumba huko Cibitoke, lengalenga isiyomwagiliwa hunyauka, majani ya mgomba hujikunja ifikapo adhuhuri, na muhogo bado umesimama na kishungi cha majani mabichi juu. Udongo ni uleule, na jua lilelile.

Kila jani lina shida moja. Ili litengeneze chakula kwa mwanga wa jua, sharti liingize hewa ya ukaa kupitia vitundu vidogo mno viitwavyo stomata, ambavyo kwa mimea mingi vimejaa upande wa chini usiopigwa na jua. Maji nayo hutokea humohumo, yakiwa mvuke. Jani likila linapoteza maji. Likijifunga linashinda njaa.

Muhogo ni mwoga, na woga wake una akili. Hewa ikikauka tu, hufunga stomata mapema, hata udongo ukiwa bado na unyevu. Kiangazi kikizidi, hupukutisha majani ya zamani na kutoa mapya yaliyo madogo. Mizizi yake myembamba si mingi, lakini yaweza kushuka hadi mita 2 kufuata maji yaliyozama tangu masika. Michache hunenepa, nayo ndiyo tunayochimba. Ile nyama nyeupe imeota kutoka tishu ya kupandisha maji, ila seli zake zimegeuka ghala la wanga; uzi mgumu wa katikati ni mishipa yenyewe ya mwanzo. Mzizi huu hauna macho ya kuchipua, ndiyo maana tunapanda vipande vya shina. (Kiazi ulaya kina macho kwa sababu ni shina lililovimba ardhini, ingawa sokoni hupangwa pamoja na mihogo.)

Jani la muhogo lina ulinzi pia. Ndani ya seli limeficha kemikali iitwayo linamarini. Kimeng'enya cha kuivunja kimewekwa mbali nayo, kwenye kuta za seli. Mdudu akitafuna, viwili hivyo hukutana na sumu ya sianidi hutoka. Mchi hufanya kazi ya meno ya mdudu huyo: sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa vizuri hutoa sumu yake kwenye kinu na sufuriani, hasa ikichemshwa bila kifuniko, kwani sianidi hutoroka na mvuke. Sombe iliyokatwakatwa kwa haraka hubaki na seli nyingi nzima, na sumu yake ndani.

Mgomba umechagua ukubwa. Jani lake pana huchanika kwa upepo kufuata mishipa bila kufa, lakini mizizi yake mingi iko karibu na uso wa udongo, kwa hiyo ukame huuumiza upesi.

Ukishika barabara ya kaskazini hadi majaruba ya Gihanga, shida inageuka: maji tele, hewa hakuna. Mpunga una mifereji ya hewa kutoka majani, kupitia shina, hadi mizizini. Ng'oa mmoja uone mizizi ya rangi ya kutu: oksijeni inayovuja humo hukutana na chuma cha kwenye tope. Muhogo hauna mifereji ya namna hiyo. Maji yakituama, mizizi yake huoza, na ndiyo sababu penye unyevu mwingi wakulima huupandishia matuta.