Kivumbasi: hufukuza mbu, lakini hakitibu malaria

Kama umekulia kijijini, au hata mjini karibu na kiwanja ambacho hakijajengwa, basi kivumbasi unakijua ingawa pengine jina lake hulijui. Ni kile kichaka cha pembeni mwa njia ambacho ukipita ukakigusa kwa kanzu au baibui, harufu yake unakwenda nayo mpaka nyumbani. Wengine hukiita kirumbasi, wengine mvumbasha au mrumbasha. Wazee wetu walikuwa wakikata matawi yake jioni na kuyatupia kwenye makaa. Moshi ukijaa chumbani mbu hutoka, na mara nyingine wenye nyumba nao hutoka.

Tumeona tukizungumzie wiki hii kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa miaka 2 mwenye homa. Akashauriwa na jirani atwange majani ya kivumbasi, ayakamue na kumnywesha maji yake. Akafanya hivyo siku 3. Siku ya nne mtoto akapatwa na degedege, ndipo akakimbizwa hospitali, na kipimo kikaonyesha malaria. Alhamdulillahi mtoto alipona. Lakini yule mama aliuliza swali ambalo wengi tunalo: kama kivumbasi kinafukuza mbu, kwa nini hakikumponyesha mwanangu?

Kwanza tukijue kichaka chenyewe. Wataalamu wa mimea hukiita Ocimum gratissimum, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Zamani vitabu vya kwetu vilikiandika kama Ocimum suave, na hadi leo utakuta majina yote mawili. Kimo chake ni baina ya mita 1 na 3, na shina lake huwa gumu kama mti kwa chini. Likate kijiti chake changa utazame: si cha duara, kina pembe nne. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na kingo zake zina meno madogo kama msumeno. Maua ni madogo, meupe yanayoelekea kijani au njano, yamepangwa kwa mafungu kuuzunguka ushi mrefu.

Shina la pembe nne na majani yanayotazamana ni alama za ukoo wa nanaa. Katika ukoo huo yumo pia mrehani, ambao ni ndugu wa karibu kabisa wa kivumbasi. Mrehani hatuna haja ya kuueleza sana kwa msomaji wetu. Neno rayhan limetajwa katika Surat Ar-Rahman, na kina mama wa Pwani hadi leo huutia kwenye vikuba pamoja na asumini. Tofauti ni kwamba mrehani hupandwa uani na kumwagiliwa, wakati kivumbasi hujiotea chenyewe na kukatwa kwa panga.

Harufu yake inatoka kwenye vifuko vidogo sana vya mafuta vilivyo juu ya jani. Ukilisugua jani vidoleni, vifuko hupasuka. Katika mafuta hayo, mara nyingi kilicho kingi ni eujenoli, kitu kile kile kinachoipa karafuu ukali wake, na ambacho madaktari wa meno hukitumia katika dawa ya kuzibia jino. Kwa hiyo anayesema kivumbasi kinanukia karafuu hakukosea. Hata hivyo vivumbasi havifanani vyote: vingine vina timoli zaidi, na harufu yake ni nyingine. Yuko pia ndugu yake aitwaye Ocimum kilimandscharicum, ambaye ana kafuri, hii hii tunayoitia katika maji ya kuoshea maiti. Kule Kakamega, nchini Kenya, wakulima wanaoishi kando ya msitu huulima, hukamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua. Kikundi chao cha Muliru kilipata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2010.

Je, sifa ya kufukuza wadudu ni ya kweli? Ndiyo. Mwaka 1981 Chogo na Crank waliandika juu ya mafuta ya kivumbasi cha Tanzania na uwezo wake dhidi ya mbu. Mwaka 1990 Hassanali na wenzake walieleza kwa nini wakulima wa Afrika Mashariki huchanganya majani haya, au karafuu, na nafaka ghalani: bungua wa mahindi huikimbia harufu hiyo. Mwaka 1995 ikaonekana kwamba mafuta hayo huwafukuza na kuwaua kupe wanaoeneza ndigana kali ya ng'ombe.

Jaribio linalotuhusu zaidi lilifanyika magharibi mwa Kenya, matokeo yakatoka mwaka 2002. Majani yalipashwa moto juu ya jiko bila kuachwa yawake, na mbu wakapungua kwa takribani nusu. Hapo msomaji usiharakishe kufurahi. Kama mbu walikuwa 20, maana yake 10 wamebaki, na malaria inahitaji mbu mmoja tu. Mafuta haya huruka upesi hewani, na usiku wa manane, wakati mbu wa malaria anauma, harufu imekwishapungua. Chandarua chenye dawa hakipungui nguvu kwa saa.

Kivumbasi kina manufaa zaidi kabla ya kuingia chandaruani, mnapokaa barazani baada ya Isha. Kinafaa pia mchana, kwani mbu wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Yeye huzaliana kwenye makopo, matairi na mapipa ya maji yaliyo wazi. Ukifukiza nyumba huku pipa la maji ya kutawadhia halina mfuniko, unafukuza mbu mlangoni na kuwafuga uani.

Ama moshi, tuseme wazi: moshi ni moshi, hata ukinukia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya moshi majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Weka majani mabichi juu ya kipande cha bati kwenye makaa yaliyopoa kidogo, yapate joto yasiungue, madirisha yakiwa wazi. Jiko lisilale chumbani na watu. Mwenye pumu asikae humo.

Sasa turudi kwenye swali la yule mama. Kumfukuza mbu ni jambo moja, na kukiua kijidudu cha malaria kilichokwisha kuingia kwenye damu ni jambo jingine. Ni kweli katika maabara mafuta ya kivumbasi yameua aina kadhaa za bakteria na fangasi, lakini bakteria wa kwenye kisahani si mtoto. Tena eujenoli ikizidi hudhuru ini. Wapo watoto waliokunywa mafuta ya karafuu wakafikishwa hospitali mahututi. Anayekamua majani nyumbani hawezi kujua ametia kiasi gani. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasinyweshwe.

Kujifukiza kwa mvuke, jambo lililoenea sana wakati wa korona mwaka 2020, huweza kumpa nafuu mwenye mafua, lakini sufuria ya maji ya moto chini ya shuka imeunguza watu. Mtoto asiwekwe kabisa. Mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Akiwa na malaria apewe dawa ya mseto na aimalize. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usingoje kuche.

Ukitaka kukipanda, kata kijiti kisicho na ua, urefu wa shubiri, uchomeke penye unyevu na kivuli kidogo. Kikishashika, kihamishie karibu na dirisha na ukipogoe mara kwa mara, la sivyo kitaziba dirisha lenyewe.