Mtutu laini wa Handeni

Ukitoka Segera kwenda Korogwe, milima ya Usambara inakuandama mkono wa kulia. Kushoto ndiyo nyika ya Handeni, nchi ya Wazigua. Katikati ya karne ya 19 pande hizi mbili zilitofautiana kwa jambo lililogeuza siasa za eneo zima: bunduki zilifika tambarare mapema, mlimani zikachelewa.

Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Usambaa akiwa Vuga mpaka alipofariki 1862, hakuitegemea sana biashara ya pwani. Wazigua waliikimbilia, wakarudi nyumbani na gumegume na baruti. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipopanda Vuga mwaka 1857, mfalme alikuwa mzee na mamlaka yake huko chini yalikuwa yakimponyoka. Mwanawe Semboja alisoma nyakati. Alijenga Mazinde, kandokando ya njia ya misafara, akajikusanyia silaha, kisha akapigana na mtoto wa kaka yake, Shekulwavu, aliyerithi kiti cha Vuga.

Habari hizi husimuliwa kwa kuhesabu bunduki: nani alikuwa nazo, nani hakuwa nazo. Swali la pili haliulizwi, nalo ndilo linalonishughulisha. Bunduki zile zilikuwa zikipiga wapi?

Litazame gobore kwa karibu. Ndani ya mtutu ni laini kama bomba. Baruti inamiminwa kwa mdomoni, risasi ya duara inafuata, vyote vinashindiliwa kwa mdeki. Ili risasi iteremke upesi, hasa mtutu ukishaota masizi, lazima iwe nyembamba kidogo kuliko tundu. Basi ikifyatuliwa inagongagonga kuta, na mgongano wa mwisho ndio unaoamua itoke ikielekea wapi. Kwenye gumegume kuna tatizo jingine: jiwe hugonga chuma, cheche huangukia kisahanini, moto hupenya kitundu, ndipo baruti ilipuke. Kati ya kuvuta triga na mlio kuna kitambo kidogo, na katika kitambo hicho mkono unacheza na mnyama anahama. Fataki, zilizochukua nafasi ya jiwe, zilipunguza kungoja huko, na mvua ikakoma kuharibu kila kitu, lakini mtutu ulibaki ule ule. Kufikia mita 100, kumpata mtu aliyesimama wima ilikuwa karibu sawa na bahati nasibu.

Hata hivyo, kwenye vichaka vya Handeni huoni mita 100. Mtu anayevizia njia ya msafara, au nguruwe pori anayekuja kumaliza muhogo shambani, yuko hatua 20 au 30. Kwa umbali huo mtutu laini unatosha, na ukijazwa marisaa unazidi kutosha. Ndiyo maana nakataa kumwita mwindaji wa Kizigua mpigaji hafifu. Alikuwa na silaha iliyolingana na pori lake, naye alijua kusogea.

Kilichofuata kilipangwa mbali na hapa. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, ambao mataifa ya Ulaya yaliutangaza kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia kuingiza bunduki bora katika sehemu kubwa ya Afrika, zikitajwa waziwazi zile zenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu. Gumegume lenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, liliruhusiwa. Mifereji ile ndiyo inayoizungusha risasi ili ishike njia yake. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa mlio, akanyimwa shabaha. Gobore limedumu mikononi mwa wanakijiji kwa sababu nyingi, umaskini ukiwemo, lakini mzizi mmoja uko katika karatasi ile.

Wenye mifereji nao hawakuwa salama. Askari wengi wa Kijerumani walioteremshwa kwa reli kupitia Korogwe kwenda kupigana Tanga, Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, walibeba Mauser ya mwaka 1871, inayopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi. Ilipiga mbali na kwa uhakika, ila kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui ulikojificha. Juni 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likaingia Korogwe, kisha Handeni.

Leo mjadala wa shabaha umehamia kwenye silaha ndogo. Wamiliki wa rivolva, popote duniani, hubishana kwa bidii kuhusu kila badiliko la kiwanda: kufuli la ndani lililoongezwa kwa usalama, vipuri vya unga wa chuma badala ya chuma kilichochongwa, uzito wa triga. Ubishi huo una msingi. Silinda ya rivolva ina vyumba kadhaa, mara nyingi sita, na kila kimoja lazima kisimame sawasawa na mtutu. Kikiachana nao kwa unywele tu, risasi huingia ikiwa imekwaruzwa ubavu. Ukivuta triga huku nyundo haijanyanyuliwa, kidole kinafanya kazi mbili, ya kuinyanyua na ya kuiachia, na mdomo wa bastola unayumba.

Ila fanya hesabu hii. Vilengeo vikiwa sentimita 10 kutoka kimoja hadi kingine, ukikosea milimita moja, risasi inakwenda kando sentimita 25 kwenye shabaha iliyo mita 25. Katika mashindano ya kimataifa, duara la alama kumi kwa umbali huo lina upana wa sentimita 5, na ulichokosea kinakutupa ukingoni mwa duara la mwisho. Hakuna kiwanda kitakachoufuta mtikisiko wa kiganja. Kinachoupunguza ni mazoezi ya mara kwa mara katika uwanja halali, na anayeomba leseni ya bastola akaifungie kabatini bila kufanya mazoezi ni hatari kwa jirani kuliko kwa jambazi.

Magobore yenyewe yanaondoka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina nafasi kwa mtutu usiosajiliwa, na kila serikali inapotangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, yanakuwamo katika rundo linaloteketezwa. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya moto, mtu anayejua aweke kando machache kutoka Handeni na Korogwe, apime mitutu, aandike kama kila moja ni la jiwe au la fataki na lilirithiwa kijiji gani, kisha yazibwe yasifyatuke tena na yapelekwe Makumbusho ya Urithi Tanga, katika Boma la zamani.